Chapa Mwendo Jazz na Watatu Walioifufua

Hapo zamani, enzi ambazo kila mji ulikuwa na bendi yake, mji mmoja wa reli kando ya mto Mkondoa ulikuwa na Chapa Mwendo Jazz. Mwanzilishi wake alikuwa Mzee Kibwana Mkude, mpiga tarumbeta. Vijana waliokutana kwenye dansi lake walioana, wakazaa, na watoto wao nao wakaja kulicheza.

Lakini bendi ni watu, na watu hugombana. Nassoro Kidiku, mpiga gita la solo, alikosana na Mzee Mkude juu ya nani katunga wimbo gani. Akaondoka na nusu ya wapigaji, akaanzisha bendi yake ng'ambo ya reli. Baadaye Selestini, mpiga besi, akaitwa na bendi kubwa ya Dar es Salaam. Naye akaenda. Wakabaki wazee wachache na Bi Mwajabu, mwimbaji.

Masika moja mto ukafurika. Maji yakaingia kwenye ukumbi wa bendi, yakazoa magita, ngoma, hata tarumbeta. Mzee Mkude alisimama juu ya tuta la reli, akatazama. Hakulia. Alisema tu, "Basi, imekufa." Akaenda kujilaza, na tangu hapo chakula kikawa hakimpiti.

Watu walihamia kwenye mahema uwanjani, Bi Mwajabu akiwamo. Watoto walikuwa wakilia kwa baridi. Bi Mwajabu akachukua dumu tupu, akalipiga, akaimba nyimbo za Chapa Mwendo. Kesho yake akaimba tena. Wanawake wakawa wanaitikia, mpaka watoto wasiowahi kuona gita wakazijua zote.

Habari zikamfikia Selestini. Akamwendea kiongozi wa bendi yake ya Dar es Salaam.

"Naomba kurudi nyumbani."

"Ukitoka, Selestini, nafasi yako nampa mwingine."

"Mpe tu, kaka."

Akapanda treni na gita lake. Lakini besi moja na dumu si bendi. Akavuka reli, akamweleza Nassoro yote. Nassoro akawaita wapigaji wake.

"Pakieni vyombo vyote kwenye mkokoteni. Na kile kitambaa chenye jina letu, kikunjeni. Kuanzia leo sisi ni Chapa Mwendo."

Mpiga tumba akauliza, "Na bendi yetu?"

"Ndiyo imekwisha hiyo."

Nassoro mwenyewe akaenda kwa Mzee Mkude. "Shikamoo, mzee."

Mzee akageukia ukuta. "Umekuja kunizika?"

"Nimekuja kukuamsha. Wapigaji wanakungoja."

Jumapili mchana dansi likapigwa katikati ya mahema. Watu walicheza na tope miguuni. Mzee Mkude alisikiliza, machozi yakamtoka, kisha akacheka kwa sauti, "Kumbe ipo!" Siku hiyo alimaliza sahani nzima ya wali, mkewe akamshukuru Mungu.

Aliposhiba akasema, "Mimi pumzi zimeniishia. Nataka kuikabidhi bendi kwa aliyeifanya isife. Ni nani?"

Bi Mwajabu akasema, "Ni mimi. Bendi ni nyimbo, na vyombo vilipochukuliwa na maji nyimbo zilibaki kinywani mwangu. Hawa wawili walikuhama, mzee. Mimi sikutoka."

Selestini akasema, "Kweli niliondoka. Ila niliiacha shibe nikaja kwenye tope. Tena ni mimi niliyevuka reli. Nisingevuka, Nassoro angekuwa kwake, na dada yangu Mwajabu angekuwa bado na dumu lake."

Nassoro akasema, "Mimi ndiye niliyeivunja, sikatai. Lakini Bi Mwajabu alitoa sauti, na sauti bado anayo. Selestini aliacha kazi, na mpiga besi hodari hakosi kazi. Mimi nimeiua bendi yangu ili yenu iishi. Nani atanirudishia?"

Mzee Mkude akamtazama huyu, akamtazama yule. "Jamani! Mafuriko yamenishindwa, mwataka kuniua ninyi?" Watu wakaangua kicheko, dansi likaendelea, na neno halikukatwa.

Haya, msinitazame mimi, semeni ninyi. Kati ya aliyebaki, aliyerudi na aliyelifuta jina la bendi yake mwenyewe, je, nani alistahili kukabidhiwa Chapa Mwendo?