Jina Chini ya Kichwa cha Marumaru

Hapo zamani, si zamani za babu zetu bali za mama zetu, katika mji wa Mtangani aliishi mchoma chokaa, Bi Mwanakheri. Siku moja alikuwa akivunja mawe ya magofuni ili ajaze tanuri lake. Nyundo ikagonga jiwe, likalia sauti ngeni. Akalifuta udongo. Kumbe ni kichwa cha mwanamke kilichochongwa kwa marumaru: pua imekatika, shingo imekatika, na kidevuni kovu la nyundo yake mwenyewe. Tanuri lilikuwa halijajaa. Hata hivyo akakitenga, akakipeleka makumbusho.

Huko alikuwako Bi Nasra, mtaalamu wa vitu vya kale. Akakichunguza kwa siku tisa, msuko kwa msuko, kope kwa kope. Akasema, "Hii ni kazi ya Wayunani wa kale. Ina miaka elfu mbili na mia tatu."

Wakaja wataalamu wenzake kutoka mji mkuu. Wakakitazama, wakacheka. "Kimechongwa juzi, kikavunjwa makusudi kionekane cha kale."

"Nikiwa nimekosea," akajibu Bi Nasra, "naacha kazi."

Lakini walitaka ushahidi, naye hakuwa nao. Ndipo akamwita Fundi Shekuwe, mchonga milango. Fundi akapitisha kidole kidevuni, kisha puani.

"Kidevuni pamevunjika juzi, peupe kama chumvi. Puani pamegeuka kahawia, na ukoko wa ardhi umeshika juu ya jeraha. Hata matundu yaliyotobolewa kwa keekee kwenye nywele yamejaa ukoko huohuo. Ukoko huu hauoti hata kwa miaka hamsini."

Wataalamu wakaukwangua, wakaupima, wakatia sahihi kwamba kichwa ni cha kale kweli.

Makumbusho yakatengeneza kibao cha kuwekwa chini ya kichwa, chenye nafasi ya jina moja tu la mtu wa kupewa sifa.

Bi Mwanakheri akasema, "Bila mimi, leo kingekuwa chokaa ukutani mwa mtu. Na pigo langu la kidevuni ndilo lililowaonyesha jeraha jipya likoje."

Bi Nasra akasema, "Kweli, mama, ulikiokoa. Lakini umri wake niliujua mimi, nikausimamia peke yangu, na kazi yangu nikaiweka hatarini."

Fundi Shekuwe akasema, "Ulijua, dada yangu, ila hukuaminiwa. Aliyewafanya waamini ni mimi."

Msimamizi wa makumbusho akawasikiliza wote watatu, akashindwa kuamua, akakiacha kibao kitupu.

Nanyi mliokaa hapa mmeyasikia yote. Je, ni nani aliyestahili jina lake liandikwe?