Kwa Nini Keki za Mawe Hazilainishwi Uso

Weka kijiko hicho chini, Mkawasi. Nani amekuambia keki za mawe hulainishwa uso kwa kijiko? Na wewe Mghoi, acha kumcheka dada yako. Tangu asubuhi hamsemezani, na mimi nyanya yenu nimewanyamazia tu. Endeleeni kusugua siagi kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka uwe kama mchanga, na masikio mnipe mimi.

Hapo kale, hizi keki ndogo za zabibu zilikuwa laini usoni kama yai. Zilifika huku kwetu milimani Taita na Waingereza wa misheni, nao watakuambia ni zao. Siwakatalii unga wala zabibu. Lakini hii sura ya kokoto ni yetu, na asiyeamini akaoke zake kwake.

Enzi hizo maziwa yalimiminwa bila huruma. Unga ulikuwa uji mzito, ukamwagwa kwenye vikombe vya bati na kusawazishwa kwa mgongo wa kijiko. Zabibu nazo, kwa uzito wake, zilizama zote chini. Basi waliookoka walipoacha pombe ya suluhu, ile waliogombana waliyokunywa pamoja ili wapatane, waliweka keki mahali pake. Wazee wawili waliogombana walikatiwa keki moja kwa kisu, ikatenganishwa juu na chini. Aliyekosewa alipewa juu, kwa heshima, na mkosaji akala chini. Heshima gani hiyo, jamani! Wa juu alipata uso mzuri usio na kitu, wa chini akatafuna zabibu zote. Wengi walitoka kwenye suluhu wamenuniana kuliko walivyoingia.

Wakati huo aliishi Wawuda, binti wa Mzee Righa wa upande wa juu wa mlima, aliyeolewa kwa mwana wa Mzee Mwadime wa upande wa chini. Mfereji wa maji ulipita kwa Righa kwanza, ndipo ukashuka kwa Mwadime. Kiangazi kimoja wazee hao walitupiana maneno mazito, na Righa akauziba mfereji kwa mawe. Mwadime naye akaapa kwamba maji yasiporudi, mkamwana atarudishwa kwao, na mtoto atabaki, maana mtoto ni wa ukoo wa baba. Wawuda alisikia kiapo hicho mwanawe akiwa mgongoni. Alilia, na nani asingelia? Kisha akafuta machozi, akasema, "Keki ya suluhu nitaoka mimi."

Wazee walikubali kukutana. Siku ilipofika, Wawuda alikwenda kukamua, na ng'ombe akatoa maziwa ya kulowesha kijiko tu, kwani mfereji ulipokauka majani nayo yalikauka. Alichanganya unga, siagi, sukari, zabibu na yai, akatia hicho kijiko cha maziwa. Unga ukawa mgumu, wa mabonge mabonge. Mama mkwe wake akashika kiuno.

"Mwanangu, utatuaibisha. Ongeza maji."

"Maji gani, mama? Si ndiyo hayo tunayogombania?"

Wawuda hakuubembeleza unga ule. Aliudondosha mafungu mafungu kwenye sufuria, nanyi dondosheni vivyo hivyo, akafunika, akaweka makaa juu na chini. Keki zilitoka na uso wa kukwaruza, zimevimba huku na kule, zabibu zimetokeza kila upande kwa kuwa hazikupata pa kuzama.

Alipoziweka mbele ya wazee, Mwadime alikunja uso. "Righa, hizi ni keki, au ni yale mawe uliyozibia mfereji?"

Wawuda akapiga magoti.

"Baba zangu, ng'ombe hana maziwa kwa sababu hana majani, na majani hayapo kwa sababu hakuna maji. Ugomvi wenu ndio uliooka keki hizi. Mimi nimeshughulikia makaa tu."

Kisu kilipoletwa, keki ilimeguka ovyo, juu isijulikane wala chini. Ikabidi wazee washike nyingine kwa mikono, kila mmoja upande wake, wakavuta. Mwadime alichungulia kipande chake, akachungulia cha Righa. Zabibu huku, zabibu kule. Alitafuta la kulalamikia, akalikosa, akala. Righa naye alitia kipande kinywani, akamtazama binti yake.

"Nimemkausha mwanangu mwenyewe," alisema, akalia mbele za watu bila kujificha.

Jua lilikuwa bado juu alipopanda kwenda kuondoa yale mawe kwa mikono yake. Mwadime alimfuata, akamsaidia.

Na tangu siku hiyo keki za mawe hutiwa maziwa kidogo tu, hazilainishwi uso, wala hazikatwi kwa kisu. Humegwa na watu wawili. Ng'ombe walinenepa tena, maziwa yakajaa vibuyu, lakini Wawuda hakuongeza hata tone. Na yule mtoto wa mgongoni alikulia mikononi mwa mama yake mpaka akaolewa. Ndiye aliyenizaa mimi.

Haya, epueni, zimeiva. Mkawasi, shika upande wako. Mghoi, usinikunjie uso, shika wako. Vuteni.