Gurudumu Lililotundikwa Msumarini

Wapendwa, kaeni tu, msisimame bado. Mzee Kiangi, najua miguu inakusumbua, na leo habari yenyewe ni ya miguu.

Alikuwepo muuguzi mmoja wa zahanati, huko chini kwenye mashamba ya mkonge. Kila Alhamisi alikuwa na safari ya kupeleka chanjo za watoto kwenye kijiji kilichoko juu mlimani, kule wanakolima tangawizi. Kilomita nane za tambarare, halafu sita za kupanda. Gari hakuna, na pikipiki ya zahanati ilikufa zamani, kuku wanatagia chini yake. Basi alipohamia tu pale, wafadhili wakaleta baiskeli ya umeme, ile ya milimani, yenye matairi manene na mota ndani ya gurudumu la nyuma. Unakanyaga pedali, na yenyewe inakusukuma. Mama Nakijwa unacheka, lakini zipo!

Muuguzi akaipenda. Chanjo aliziweka kwenye kisanduku cha barafu, kikuukuu, mfuniko umelegea, hakihimili zaidi ya saa chache. Anakifunga kwenye keria, anaondoka saa mbili asubuhi, na kabla ya saa nne yuko juu. Kina mama nao wakazoea. Wakiusikia mvumo wa ile mota kwenye kona ya mwisho, wanaambiana, "Dokta huyo!" na kuanza kuwafungua watoto migongoni.

Sasa sikilizeni shida ilipoanzia. Baiskeli zile zimewekewa kikomo. Ukifika kilomita ishirini na tano kwa saa, mota inanyamaza, inakuachia mwenyewe. Na hii ya kwake haikunyamaza tu, ilikuwa inakaba. Unakanyaga, unahisi kama kuna mtu mzima amekaa nyuma yako na mguu mmoja anauburuza chini. Na kule tambarare alikuwepo mwalimu mmoja, mwembamba, ana baiskeli ya kawaida kabisa, imepigwa rangi kwa brashi ya ukutani. Kila Alhamisi alimpita muuguzi. Anampita, anageuza shingo, "Dokta! Na umeme wako wote huo?" Kisha anapiga kengele na kutokomea.

Jamani, yanauma hayo. Yule muuguzi alikuwa mtu mwema, mvumilivu kwa wagonjwa, lakini ile kengele ilimwingia rohoni. Akawa akilala anaisikia, akiamka anaisikia. Akaanza kuiangalia baiskeli yake kwa jicho baya. "Wewe ndiye unayenirudisha nyuma," akaiambia, kama vile ina masikio.

Siku moja akaisukuma mpaka kwa fundi baiskeli pale njia panda.

"Fundi, nitolee hili gurudumu la mota, unifungie la kawaida. Na betri itoe, ni mzigo mtupu."

Fundi akainua baiskeli kwa nyuma, akalizungusha lile gurudumu kwa mkono, akasikiliza. "Sikukatalii, Dokta. Ukiizidi mwendo inakaba, ni kweli. Lakini mlimani je?"

"Mlimani sina shida. Mlima ule mpole."

"Umewahi kuupanda bila mota?"

"Fundi, nimekuja kufungiwa gurudumu au kuhojiwa?"

"Haya, yaishe," akasema fundi. Akafungua nati, akafunga gurudumu la kawaida, na lile la mota akalitundika kwenye msumari ukutani, betri akaiweka chini yake.

Mmesikia alivyosema? Mlima ule mpole. Miezi minane alikuwa akiupanda, na hakuwahi hata siku moja kuupanda kwa nguvu zake. Alikuwa anausifia mlima kwa kazi iliyofanywa na mota. Mimi nisingemcheka sana, maana najua ninaozungumza nao leo.

Alhamisi ikafika, na tambarare ilikuwa raha tupu. Baiskeli nyepesi, upepo masikioni, kisanduku kiko nyuma. Alipomkaribia mwalimu alipiga kengele tu. Mara mbili! Mwalimu akabaki na mdomo wazi. Muuguzi akacheka peke yake kilomita nzima, na ninyi mngecheka.

Kisha akafika mlimani.

Kona ya kwanza akashusha gia. Kona ya pili akashusha mpaka ya mwisho. Kona ya tatu akashuka mwenyewe. Akasukuma, akapumzika, akasukuma. Mapaja yanatetemeka, jasho linamwingia machoni, na kila anapodhani ameumaliza mlima, anaona kipande kingine. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Nyuma yake, ule mfuniko uliolegea unagonga, tok, tok, na jua linawaka juu yake.

Alifika saa saba. Uwanja mtupu. Aliyebaki ni mama mmoja, amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, anamnyonyesha mtoto.

"Wenzako wako wapi?" muuguzi akauliza.

"Wameenda kuvuna tangawizi, Dokta, kesho lori linakuja kuichukua. Tulikuwa tunasikiliza ule mvumo wako pale konani. Hatukuusikia, wakasema leo huji. Mimi nikasema nikae kidogo, kwa sababu nimevuka korongo, na mwezi uliopita huyu alikuwa na homa nikarudishwa. Sitaki akose tena. Kuna surua kule kwetu."

Muuguzi akafungua kisanduku. Barafu yote ilikuwa maji. Akatoa kipimajoto, akakitazama, akakipangusa kwa shati, akakitazama tena. Chanjo zimeharibika zote.

"Mama," akasema, "siwezi kumchanja. Nisamehe."

Yule mama hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Akamfunga mtoto mgongoni taratibu, akaitazama baiskeli, akauliza kwa upole kabisa, "Kwani ule mvumo umeuacha wapi?"

Wapendwa, angemjibu nini? Kwamba mvumo umetundikwa ukutani kwa fundi, kwa sababu mwalimu alimpigia kengele?  Alimwona yule mama akishuka kuelekea korongoni na mtoto wake asiye na kinga, na mtu mzima yule akaona aibu mpaka akalia.

Alitoka pale moja kwa moja mpaka kwa fundi. Fundi hakumuuliza kitu. Alinyoosha mkono msumarini, akalishusha gurudumu, akalifunga. Muuguzi hakungoja Alhamisi. Kesho yake asubuhi alichukua chanjo nyingine, akaupanda mlima, akavuka na korongo lenyewe, akamkuta mtoto mzima. Akamchanja. Huko tambarare mwalimu alimpita tena na kengele yake, naye akampungia mkono.

Mnashusha pumzi, nawaona. Msishushe bado.

Sisi nasi tuna tambarare zetu. Mvua imenyesha vizuri, watoto wana afya, mwili una nguvu. Tukiwa huko tunataka kwenda mbio, na ndipo tunapomwona mtu fulani mzito. Mke anayeuliza, "Umelifikiria vizuri lakini?" Mama anayerudia jambo lile lile mara tatu. Rafiki anayekwambia ukweli mbele ya watu. Hata maombi ya asubuhi tunayaona yanatuchelewesha kazini. Na sitawadanganya, wanakaba kweli! Fundi mwenyewe alikiri. Lakini hawakufungwa kwetu kwa ajili ya tambarare. Mungu aliwafunga kwetu kwa ajili ya mlima, naye aliujua mlima wetu kabla hatujauona. Sisi tumezoea kusema maisha yetu ni mepesi, na hatujawahi kuuliza nani alikuwa anasukuma.

Nilikuwa na kaka yangu mkubwa. Nilimwona mzito, nikamweka kando miaka sita, na miaka hiyo nilikwenda mbio kweli kweli. Nilipofika mlimani nikageuka kumtafuta, nikaonyeshwa kaburi.

Gurudumu lile lilikuwa na bahati, lilipata msumari wa kulishikilia mpaka mwenyewe arudi. Mama yako hana msumari. Mkeo hana. Basi ibada ikiisha, usianze na chakula. Wewe unamjua uliyemweka kando, nami sihitaji kumtaja. Nenda ukamwone leo, akiwa bado anaweza kukuitikia hodi.

Sasa tusimame, tuombe. Mzee Kiangi, wewe omba umekaa.