Kifo cha Asubuhi Moja cha Bibi Nyamizi

Je, wewe ungekubali bibi yako afe asubuhi moja tu, ili wageni wafurahi? Usinijibu haraka. Pimbi alijibu haraka, na haya ndiyo yaliyomkuta.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado na majiko, majirani na wakwe, kijiji cha pimbi kilikauka. Mto wao ulibaki mchanga mtupu. Maji yalikuwapo, lakini chini kabisa, kina cha pembe ya tembo, na pimbi hana pembe.

Ndipo wakafika mume na mke kutoka misitu ya mbali, Bwana Tembo na Bi Tembo, waliokuja kutembea na kuona nchi. Pimbi mmoja, mwepesi wa miguu na wa maneno, akajitolea kuwaongoza. Wakapatana, bila Pimbi kutaja kiu ya kijiji: safari ikimpendeza Bwana Tembo, atawachimbia kisima kabla ya kuondoka.

Siku ya kwanza Pimbi akawapeleka kwa simba.

"Amelala," akasema Bwana Tembo.

"Ndivyo simba walivyo mchana, mzee wangu."

"Hata mkia hatikisi! Kwetu niliambiwa atanguruma."

Siku ya pili wakaona twiga, wakaona na pundamilia wasiohesabika, wote wakila majani. Bwana Tembo akapiga mwayo, aaah! mpaka ndege wakaruka mitini. Tangu waanze safari Bi Tembo alikuwa akitembea nyuma, akiinamia kila mfupa mweupe uliolala njiani, akiunusa, kisha akiurudisha chini taratibu.

Siku ya tatu wakaenda kijijini. Pimbi walikuwa wakifanya mambo yao ya kila siku: huyu anatwanga, yule anamsuka mwenzake, wazee wanaota jua mwambani.

"Hiki ndicho kijiji?" Bwana Tembo akauliza. "Nimetembea mwezi mzima nije kumtazama mtu akiota jua?"

Pimbi akatazama mitungi mitupu iliyopangwa milangoni. Ulimi ukaitangulia akili.

"Mmekuja siku mbaya, mzee wangu. Bibi yangu amefariki. Kesho asubuhi tunazika."

"Ahaa!" Macho ya Bwana Tembo yakang'aa. "Mazishi ya asili! Hayo sasa ndiyo mambo."

Wageni walipokwenda kupumzika, Pimbi akamwendea bibi yake, Bibi Nyamizi, aliyekuwa akichambua kunde.

"Bibi, nimekuua."

"Lini?"

"Sasa hivi tu."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Sikufika huko, Bibi."

Bibi akacheka mpaka akakohoa, na koo kavu halikohoi vizuri. Alipotulia, alisema, "Kwa kisima, nitakufa. Lakini mimi nikifa nimekufa. Hata wanikanyage, sipigi kelele."

Asubuhi wakampaka majivu ya baridi, wakamlaza mkekani uwanjani. Wanawake wakapaza sauti: "Uwiii! Uwiii!" Watani wakaigiza alivyokuwa akichechemea, na mmoja wao, pembeni, akajiangusha.

"Safi!" Bwana Tembo akatikisa masikio. "Mwambieni yule wa pembeni aanguke tena, sikumwona vizuri."

Akaanguka tena.

Ndipo Bi Tembo alipopita mbele. Akapiga magoti, akaweka ncha ya mkonga juu ya paji la uso wa Bibi Nyamizi.

"Mama yangu alipokufa nilikuwa safarini, kama hivi," akasema. "Walimfunika wengine. Mimi sikuweka hata jani moja. Huyu niachieni nimfunike."

Maana kwa tembo, maiti haiachwi wazi.

Kwachaa! Akavunja tawi, akalilaza. Kwachaa! La pili. La tano. Kisha udongo, pu, pu, pu. Kilio kikakatika chenyewe. Hakuna aliyeambiwa anyamaze.

Pimbi akauona mguu wa bibi yake ukichungulia chini ya matawi. Vidole vikajikunja. Vikakunjuka. Vikatulia.

"Yatosha, mama," akanong'ona.

"Bado uso."

Mkonga ukainuka, umejaa udongo. Kisima kilikuwa hatua moja tu mbele. Bibi yake alikuwa chini ya matawi, na hakupiga kelele, kama alivyoahidi.

"Yu hai!" Pimbi akarukia juu ya matawi, akatanua mikono. "Hajafa! Nilidanganya! Mimi!"

Mkonga ukasimama hewani. Kisha matawi yakarushwa, vuu! vuu! mpaka Bibi Nyamizi akatokea, akapiga chafya, akavuta pumzi kama anayeinywa.

"Ungengoja kidogo, mjukuu wangu," akasema kwa shida. "Ulikuwa umebaki uso tu."

"Tumechezewa!" Bwana Tembo akafoka. "Hakuna kisima! Mke wangu, twende zetu."

Bi Tembo hakumgeukia. Aliinama mpaka jicho lake, lililokuwa bado limelowa machozi, likakutana na la Pimbi.

"Nimemlilia mama yangu juu ya mchezo wako," akasema. "Kwa nini hukutuambia mna kiu?"

Pimbi akatazama chini, kisha akatazama juu, akasema kwa sauti iliyofika mpaka mwambani kwa wazee:

"Niliona kiu yetu haitawapendeza wageni. Nikamuua bibi yangu iwe badala yake."

Bi Tembo akashika njia ya mtoni, pembe mbele, kwenda kuchimba.

Shida ikisemwa hupata msikilizaji. Ikiigizwa hupata watazamaji tu.