Pweza Asiyekimbia

Paukwa! Mbona kimya? Wakubwa na watoto, nawauliza tena: Paukwa!

Pakawa!

Zamani hizo za kale, Nyani, Kenge na Bibi Nguchiro walikuwa wakila mwambani. Maji yakitoka, wanashuka. Wanachokoa mashimo, choko! choko! Wanavuta pweza, wanakula, wanashiba.

Siku moja wakachokoa, hamna. Kesho yake wakachokoa, hamna. Watoto wa Nguchiro wakagawana kaa mmoja, wakalala wanalia.

"Kenge, umewamaliza!" akasema Nyani.

"Mimi? Mwenye mikono mirefu ni nani?"

"Basi wamehama."

"Wamehamia wapi?"

Hakuna aliyejua. Wakazozana mpaka maji yakawafika viunoni.

Nguchiro akawaza, akawazua, asielewe. "Mimi nakwenda kutazama," akasema.

"Kutazama kunashibisha?" Nyani akamcheka, kwa! kwa! kwa!

Nguchiro akashuka. Akatafuta hata akamkuta pweza jike mmoja, kwenye shimo la mbali wasilolichokoa. Akamnyooshea mkono, pweza hakukimbia. Kesho akarudi: yupo. Kesho kutwa: yupo, amekonda. Kaa akapita mlangoni, pweza hakumgusa.

"Kiumbe gani huyu? Hakimbii, hali!"

Mate yalimdondoka Nguchiro. Akawakumbuka wanawe. Lakini hakumla, alitaka kujua.

Mwezi ukaandama, ukafa, ukaandama tena. Siku hiyo akachungulia ndani kabisa. Loo! Kwenye dari ya shimo yananing'inia mayai meupe, madogo kama punje za mchele. Pweza anayapulizia maji, fuu, fuu. Mara yakapasuka, tu! tu! tu! Vitoto vikatawanyika baharini. Mama akalegea, akafa palepale.

Nguchiro akarudi mbio, machozi yanamtoka.

"Jamani, ni sisi! Wale tuliowavuta kwa urahisi, wale wasiokimbia, ni mama wanaolinda mayai! Tukimla mama, na mayai yanakufa!"

Kenge akakuna kichwa. "Kwa hiyo tusile?"

"Tule kaa wa kwenye mikoko. Mwamba tuuache mpaka vitoto vikue. Na mama mwenye mayai tusimguse kamwe."

"Kaa wanabana!" akalia Nyani.

"Watubane."

Wakabanwa miezi mitano. Kisha wakashuka: pweza huku, pweza kule! Nyani alikula hata akashindwa kupanda mti.

Basi, wanangu, kabla ya kuvuna baharini, tazameni kwa subira viumbe wake wanavyoishi na kuzaa. Hapo mtajua cha kuchukua na cha kuacha.

Hadithi yangu imekomea hapo mwambani. Aliyeipenda aende nayo.