Jina Moja, Masega Matatu

Hapo zamani, zamani ya kweli, si hiyo ya juzi mnayojidai kuikumbuka, palikuwa na mji wa warina asali. Kaeni vizuri. Hadithi hii wengi wameijaribu wakaishia kukohoa. Mimi niliyeiaga shule mapema naisimulia bila kumeza mate, na nyie wasomi mtanijibu mwishoni.

Katika mji huo alikuwepo mrina asali aitwaye Kondo. Mama yake alifariki siku aliyomzaa, baba hakuwahi kuonekana. Akachukuliwa na Bi Siwatu, jirani asiyekuwa na mtoto. Kichanga akilia, Bi Siwatu aliacha chungu kiungue, akaja. "Nipo." Akilia tena, "Nipo." Watu wakamcheka: "Utamharibu huyo!" Naye akawajibu, "Niharibieni na nyie wa kwenu." Basi Kondo akajua, kabla hajajua kusema, kwamba ukiita, mtu huja.

Alipoanza kukimbia, akaanza kumfuata Mzee Pazi, mpanda miti. Pazi hakuwa mtu wa kubembeleza. "Gusa tawi kwa mguu mmoja kwanza. Likikukubali, lipe na wa pili." Alimshika kiuno, halafu akamwachia bila kusema. Mtoto akapanda mwenyewe! Akianguka, Pazi alicheka. "Tawi limekwambia nini?" Kondo akafuta machozi, akajibu, "Limesema limeoza." "Haya, panda lingine."

Kisha Kondo akaota ndevu tatu nne, akawa na mdomo. Kifua mbele, kila mtu anaambiwa, "Mnanijua mimi?" Msinitazame hivyo, mimi nina sababu zangu. Sasa barazani alikaa Mzee Kibindu, miguu imekufa, ulimi mzima, hana mtoto wala mjukuu. Akamwita. "Wee dume la mji! Una nguvu?" "Sana!" "Basi nibebe mpaka kisimani nikaoge."

Akambeba. Hatua mbili tu, mzee akapiga kelele: "Simama! Unabeba gunia au unabeba mtu?" Tangu siku hiyo akambeba kila asubuhi. Mzee akisema simama, anasimama. Mzee akinyamaza, Kondo anasikiliza pumzi yake, anajua panapouma. Mdomo wake ukapungua. Sikusema ukaisha.

Akaoa, akamwoa Mwasiti. Mwasiti mimba ikiwa pevu wakaenda ng'ambo ya mto kurina, mvua ikawakuta huko, uchungu nao ukaanza. Mkunga yuko mjini, mto umejaa, njia ni gogo moja lililolala juu ya maji. Kondo akamweka mkewe mgongoni, akapanda gogo.

Akaligusa kwa mguu mmoja kwanza. Likamkubali, akalipa na mguu wa pili. Katikati gogo likacheza, Mwasiti akapiga ukelele, "Tunakufa!" Kondo moyo haukumruka. Akasema, "Nipo." Uchungu ukampanda Mwasiti, akasema, "Simama!" Akasimama, maji yanapita chini ya nyayo, akasikiliza pumzi yake mpaka uchungu ukashuka. Ndipo akaendelea. Wakavuka. Mtoto akazaliwa mikononi mwa mkunga, wa kiume, mzima.

Kondo alifurahi akawa kama amelewa. Akakata masega matatu ya asali, akalifunika kila moja kwa jani la mgomba, akampelekea Bi Siwatu, akampelekea Mzee Pazi, akampelekea Mzee Kibindu. Ahsante, ahsante, ahsante. Mjinga wa furaha! Katika mji ule, ukipeleka sega lililofunikwa kabla ya arobaini ya mtoto, umemwambia uliyempelekea: naomba jina lako, mwanangu apate kulirithi. Na jina ni moja. Kule mtoto wa kiume kuitwa jina la bibi si aibu, msicheke.

Siku ya arobaini wakafika mlangoni wote watatu, wamevaa nguo za sanduku. Kibindu kabebwa na majirani. Wakatazamana. Kila mmoja na jani lake mkononi.

Kondo akajishika kichwa. "Wazee wangu, mimi nilikuwa nashukuru tu!"

"Umeshashukuru," alisema Bi Siwatu. "Mimi sina mtoto. Jina langu likiachwa leo, limezikwa. Pale kwenye gogo, nani alimpa moyo usioruka? Mtoto aliyeachwa alie angetumbukia kwa woga."

"Bi Siwatu, moyo hauna nyayo," Pazi akadakia. "Angeachiwa wewe, angekuwa mgongoni kwako mpaka leo, na ndevu zake! Wanangu wawili nimewazika. Mguu uliojua kulipima gogo ni wangu mimi."

"Ungempandisha mti gani mtoto anayeogopa kivuli chake?" Bi Siwatu akamrudishia.

Kibindu akacheka, meno hana. "Mlimjenga avuke yeye. Angevuka, sawa, peke yake! Kumbeba mwenye maumivu alijulia wapi?"

"Wee mzee hukumpa kitu," Pazi akafoka. "Ulibebwa tu!"

"Ndiyo, nilibebwa. Nyie mlimpa. Mimi nilimhitaji. Na kabla yangu, nani alikuwa amewahi kumhitaji?"

Pazi akaligeuzageuza jani lake.

Ndani Mwasiti akaita, "Kondo, baba, taja jina tutoke! Moshi umenimaliza humu, na mtoto havuki kizingiti bila jina."

Kondo akamchukua mwanawe, akasimama kizingitini. Machozi yanamtoka, si ya huzuni. Mtu aliyezaliwa hana mtu, leo watu wanamgombania awashukuru.

Mtoto akaanza kulia. Bi Siwatu akasema kwa sauti ndogo, "Nipo." Pazi akatanguliza mkono chini yake, asimguse. Kibindu akainamisha kichwa, akasikiliza pumzi.

Kondo akafungua mdomo.

Haya, wasomi wangu, mdomo wake uko wazi na mtoto analia. Msiniambie ampe yote matatu, nimeshasema jina ni moja. Je, nani alistahili? Amwite mwanawe nani?