Kompyuta Iliyopanda Mlima

Alikuwepo mwenye duka la mbegu pale Same mjini, jina lake Mbonea, na nyumbani kwake, juu ya meza ya mninga, alikuwa na kompyuta kubwa ya kukaa mahali pamoja. Ndani ya kompyuta hiyo walikaa watu wa mlima mzima. Baba yake, marehemu Mzee Kadeghe, alikuwa mpiga picha wa Upare ya juu enzi za kamera za mkanda, na alipofariki aliacha masanduku ya mikanda ambayo mingine haikuwahi kusafishwa. Mbonea aliiskani yote, mmoja baada ya mwingine, kwa subira ambayo hata mkewe alishangaa imetoka wapi. Harusi, mazishi, vipaimara, mavuno, nyuso mamia kwa mamia, zote safi kama zimepigwa jana. Zilikosa kitu kimoja tu. Hazikuwa na majina.

Majina yalikuwa mlimani, kwa mama yake. Bibi Nakijwa ndiye aliyekuwa akimpangia mumewe watu wa kupigwa picha, wewe simama huku, wewe funga kifungo, na wote aliwajua. Wenzake wa rika lake wameshazikwa. Lakini nyonga zilimkatalia kushuka, pikipiki hapandi ng'o, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga, na la kulia lilikuwa linafuata taratibu.

Hapo ndipo anapoingia Senkondo. Huyu ni jirani wa Bibi Nakijwa, mkulima wa tangawizi, mtu mzima mwenye wajukuu, na hajawahi kuiona sura ya mama yake. Mama alifariki siku chache baada ya kumzaa, wala hakuacha picha hata moja ukutani. Ila Bibi Nakijwa alimwambia mara nyingi kwamba siku ya mavuno kanisani mumewe alimpiga picha mama huyo, naye alikuwepo. Kwa hiyo mama yake Senkondo alikuwa mle ndani ya kompyuta ya Mbonea, mmoja kati ya wanawake wengi waliofunga vilemba, na duniani lilikuwa limebaki jicho moja tu la kumtambua. Kila Mbonea alipopanda kusalimia, Senkondo alimsindikiza hadi njia panda, na kabla ya kuagana aliuliza neno lilelile. "Utaniletea lini mama yangu?"

Simu Mbonea alishajaribu. Bibi aliisogeza hadi puani, akairudisha, akauliza hao ni watu au siafu. Kuzisafisha picha zote kwenye karatasi nako hakukuwezekana, zilikuwa nyingi mno. Basi siku moja wazo likamjia akiwa anapima mbegu za kabichi, akaacha mteja amesimama, akaingia ndani kumwambia mkewe: atanunua kompyuta ya kubeba! Ile kubwa ibaki mezani na hazina yake, na hii ipande mlimani. Jamani, mtu akipata wazo jema hata kutembea kwake hubadilika. Hakulala vizuri hadi siku ya kwenda dukani.

Akaenda, akanunua. Na hapa ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu alinunua kwa macho ya watu. Alisema moyoni, nikinunua ninunue kitu cha maana, nisije nikachekwa. Akarudi na kompyuta pana kama sinia, vibonye vyake vinawaka rangi za harusi, ina nguvu kuliko ile aliyoiacha nyumbani. Akaipangusa. Akaiweka mezani pembeni ya mwenzake. Kisha akamwomba mkewe, Namkunda, aifumie kitambaa, cheupe chenye maua pembeni, kama kile cha televisheni na kile cha redio. Nawaona mnacheka, na majumbani kwenu hata friji lina kitambaa.

Akapanga kupanda Jumamosi. Jumamosi mvua ikanyesha, akasema kitu cha thamani hii hakiendi kwenye mvua. Mvua zikaisha, akasema vumbi la njia ile litaiingia. Vumbi likatulia, akakumbuka makorongo, na jinsi pikipiki inavyorusha mtu. Halafu akagundua kwamba ukiichomoa kwenye umeme haiwaki hata kwa muda wa ibada moja, na kwa mama yake umeme haujafika. Ikawa sasa ana kompyuta mbili zinazotazamana juu ya meza moja. Mlimani ukungu ulikuwa haungoji mvua wala kiangazi. Ulisogea kila asubuhi, na Bibi akaanza kuwatambua watu kwa sauti.

Jioni moja Namkunda alikuja na sahani za chakula, akakosa pa kuziweka. Akasimama nazo mikononi.

"Baba Elifaza," akasema, "hii umemnunulia mama, au umeinunulia meza?"

Walikula chakula wakiwa wameshika sahani magotini. Mbonea aliona aibu, nasema aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Asubuhi akaivua kitambaa ile kompyuta pana, akamuuzia mtu wa ofisi aliyekuwa anaitaka, na siku hiyohiyo akarudi madukani akiwa na swali jingine kabisa kichwani. Hakuuliza ipi ni nzuri. Aliuliza ipi itafika.

Natamani mngemwona! Muuzaji alimtolea za kung'aa, yeye akaielekeza shingo kwenye rafu ya chini, palipokuwa na kompyuta ndogo ya kijivu, imeshatumika, kona moja imechubuka. Muuzaji akaona haya kwa niaba yake. "Hiyo si ya maana, baba. Haina kasi, wala haibebi vitu vingi." Mbonea akamwambia ya kubeba vitu vingi iko nyumbani. Akaiinua kwa mkono mmoja, akaipimapima kama kuku wa mnadani. Akaitia kwenye kikapu chake juu ya sukari na majani ya chai, akazunguka nacho duka zima. Akaiweka kaunta, akarudi nyuma mahali ambapo mama yake angekaa, akafumba jicho la kushoto, akalibana la kulia, akatazama. Wateja walidhani ameingiwa na kitu. Mwisho akaichomoa umeme, akakaa nayo kwenye benchi, picha zinapita moja moja, tangu chai ya saa nne hadi watu wakatoka kwenda kula na kurudi. Bado ilikuwa inawaka. Muuzaji alikuwa ameshakata tamaa, akamwagizia chai ya pili. Mbonea akainuka akicheka peke yake, akalipa, na bei ilikuwa ndogo kiasi kwamba aliongeza na begi.

Alizihamishia humo picha za baba yake, na Jumamosi akapanda. Mvua ilimkuta njiani, na safari hii hakugeuza. Aliifunga kompyuta kwenye mfuko wa nailoni, akaizungushia sweta, yeye mwenyewe akaloa. Kwenye utelezi wa mwisho alianguka nayo, kona ya pili ikachubuka, akaifungua kwa hofu pale pale kwenye matope, ikawaka. Alipiga ukelele hadi mbwa wa watu wakabweka.

Kwa mama yake waliiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, mlango ukafungwa nusu ili mwanga usizidi. Bibi Nakijwa akasogea, pua yake karibu kugusa kioo, Mbonea akaikuza picha mpaka uso mmoja ukajaa kote. Kisha Bibi akashika kifua. Akaanza kutaja. Huyu ni fulani wa kwa fulani, huyu aliolewa Gonja, huyu alikuwa mwongo lakini anaimba vizuri, na Mbonea anaandika jina chini ya kila uso, vidole havitoshi! Habari ikatembea, majirani wakajaa hadi uani. Walipomwona shemasi wa sasa akiwa kijana, suruali yake pana miguuni kama kengele, walicheka hadi mwenyewe akatoka nje. Bibi alikuwa amerudi kuwa yule wa kuwapanga watu, wewe sogea, wewe mpishe mwenzako, na sauti yake ilikuwa ya msichana.

Senkondo alikuwa amesimama mlangoni. Hakuingia. Mtu aliyengoja maisha yake yote huogopa kuingia.

Zikaja picha za mavuno. Wanawake wamejipanga na vikapu, wamenyooka kama walivyoamriwa. Mbonea akapitisha moja, na nyingine, na Bibi akamshika mkono.

"Rudisha. Hapo. Huyu aliyeshindwa kunyamaza." Pembeni mwa mstari, msichana alikuwa amegeuza uso akicheka kinywa wazi, mwanya mpana mbele. Bibi akaweka kidole juu yake. "Senkondo, mwanangu, njoo. Mama yako huyu hapa."

Watu wakapisha. Akaja, akapiga magoti mbele ya kinu, mzee mzima, akatazama. Wote wakatazama kioo, kisha wakamtazama yeye, kisha kioo tena, na kila mtu akauona mwanya uleule kwa mama na kwa mwana. Senkondo alianza kulia, na katikati ya kulia akacheka, na kilikuwa kicheko kilekile.

"Kumbe nacheka kama yeye," akasema.

Ndugu zangu, kompyuta ile kubwa ya mezani haikuwa na kosa. Ni yale yote tuliyojaliwa na tuliyojifunza, tukayatunza vizuri, na bila hayo Mbonea angepanda mlima na kioo kitupu. Na ile pana yenye kitambaa mnaijua. Ni ule wema tunaoupamba hadi tunaogopa kuutoa nje. Ile ndogo ya kijivu ni wema unaoenea kwenye kikapu, unaochubuka, unaofika. Kabla mahindi hayajakomaa jicho la Bibi Nakijwa lilifunga, na majina yalikuwa yameandikwa. Ingekuwaje kama Mbonea angengoja mvua moja zaidi?

Sasa nakuuliza wewe uliyekaa hapo: ni nani anayekungoja, huku wewe ukingoja kilicho kizuri zaidi?